Mweria wa Kubonyeza

Mtu mapato yake yakipanda husema alhamdulillahi akaendelea na shughuli zake. Muhsina yake yalipanda, na badala ya kushukuru akaiweka simu kifudifudi juu ya meza ya jikoni, akaigeuza, akatazama tena, akailaza tena. Maji ya chai yalichemka mpaka yakapungua nusu na hakuyaona.

Tovuti yake iliitwa Banda la Kuku. Aliianzisha alipoacha kuuza dawa za mifugo kule Ukunda, na aliyaandika humo yote aliyoyajua: kideri, ndui, chawa, kuku anayekula mayai yake mwenyewe. Walimsoma watu wa Kitui, wa Tanga, wa Singida, watu asiowajua kwa sura. Kando ya maandishi palikuwa na matangazo ya vifaranga, ya chakula cha kuku, ya mashine za kutotoleshea mayai. Msomaji akivutiwa na tangazo akalibonyeza, kampuni iliyolileta ilimpa Muhsina fungu lake dogo. Haji, mumewe, alikuwa akiendesha trekta kwenye mashamba ya miwa ya Ramisi, na kazi ilikuwa imesimama. Kwa hiyo fungu hilo dogo ndilo lililokuwa unga, ndilo stima, ndilo dawa ya presha ya Mwanamkuu, mavyaa wake, mamake Haji.

"Hela zimepanda?" Haji aliuliza. Alikuwa ameegemea mlango, mswaki mdomoni.

"Zimepanda."

"Alhamdulillahi. Mbona basi uso umekunja kama aliyefiwa?"

"Zimepanda za uwongo, Haji. Hebu soma."

Haji akasoma ujumbe wa kampuni polepole, midomo ikicheza. Kampuni ilisema imeona matangazo kwenye tovuti yake yakibonyezwa na watu wasio na haja nayo. Ilimwonya. Mambo yakiendelea, akaunti ingefungwa, na ikifungwa haifunguliwi tena.

"Sasa wewe una kosa gani? Umebonyeza?"

"Mimi sijabonyeza hata moja tangu nianze. Wewe mwenyewe nilikukataza hata kuufungua ukurasa wangu."

Haji alikumbuka. Siku ile alikatazwa kama mtoto aliyekutwa na sukari, na neno lile bado lilikuwa limemkaa moyoni.

"Mwenye kiwanda cha chakula cha kuku hulipa kila tangazo lake likibonyezwa," Muhsina alimweleza. "Mtu akibonyeza asubuhi na jioni, naye hana hata kifaranga, si anamwibia? Na kampuni haiulizi ni nani aliyebonyeza. Yauliza ni nani aliyefaidi."

"Basi kuna mtu anakutafuta."

"Yupo. Nami namjua."

Haji alitaka kumwambia apoe kwanza, anywe chai. Lakini mkewe alikuwa ameshachukua buibui msumarini, na Haji, ambaye siku hizo hakuwa na chochote cha kuongeza kwenye matumizi ya nyumba, aliona hata ushauri wake umepungua uzito. Akarudi kupiga mswaki.

*

Aliyeshukiwa aliitwa Jaafar. Alikuwa na duka Kona ya Musa, la kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, na ndiye aliyemjengea Muhsina tovuti. Baadaye alimwambia kwamba anao vijana wa kubonyeza, wa bei nafuu, wanaoweza kumpandisha mtu kwa wiki moja. Muhsina alikataa, tena kwa maneno makali. Mwaka huo huo Jaafar naye akafungua tovuti ya kuku. Ushahidi gani tena ungetakiwa?

Muhsina aliingia dukani bila salamu, jambo ambalo mamake mzazi angemfinya kwalo. Palikuwa na foleni.

"Jaafar! Nilikukosea nini hata unitilie vijana wako?"

Mashine ya kopi ilikuwa ikinguruma, akalazimika kulirudia neno kwa sauti, na kila mtu akalisikia mara mbili. Kijana mmoja wa bara aliyekuwa akingoja picha akacheka. "Wacha! Madam amekuja moto leo," akamwambia mwenzake.

"Keti kwanza, dada," Jaafar alisema.

"Sikuja kuketi. Chumvi umeila kwangu, halafu wanifungia riziki!"

Jaafar alibofya, akafungua kumbukumbu za mtambo unaohifadhi tovuti ya Muhsina, kisha akaigeuza skrini imwelekee, na imwelekee foleni nzima pia.

"Hawa ndio wabonyezaji wako. Tazama. Jumatano, baada ya alasiri. Jumatano iliyotangulia, alasiri. Wote wamepita mtandao mmoja, anwani yake ni hii. Na hii hapa chini yake, waijua ya nani?"

Muhsina alitazama. Ilikuwa anwani ile ile. Kando yake lilikuwapo jina analoingilia kila siku kuandika makala zake.

"Wabonyezaji wako wanakunywa maji ya mtungi wako," Jaafar alisema. "Mimi nitaingiaje nyumbani kwako kila Jumatano, na mumeo yupo?"

Foleni ikaangua kicheko. Muhsina alihisi masikio yakiwaka chini ya mtandio. Kwa kuwa alimshitaki mtu kwa sauti, aliona haya kumwomba msamaha kwa kunong'ona.

"Nimekukosea, Jaafar. Niwie radhi."

"Yamekwisha. Lakini sikiliza, zima matangazo yote leo leo, mpaka umjue ni nani. Usipoyazima wewe, watakuzimia wao."

Lilikuwa shauri la mtu mzima, na Muhsina hakulifuata. Kampuni haikuwa ikilipa mpaka mapato yafikie kiwango ilichokiweka, na yake yalikuwa yamebakisha kidogo tu kukifikia. Akizima leo, mwezi huo hapana kitu. Alijiambia atamkamata mwizi kwanza, kesho ni Jumatano. Shida ina maneno matamu, na humsemesha mtu mwenye akili kuliko anavyosemeshwa mjinga.

*

Jumatano ilikuwa siku ya mweria. Wanawake wa mtaa walikwenda pamoja kwenye shamba la mmoja wao, wakalima au wakapalilia mpaka jua likawa kali, na wiki iliyofuata wakaenda kwa mwingine. Mwanamkuu ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Alasiri waliketi barazani kwake kupumzika, na Muhsina, kwa kuwa ni mkazamwana, huwapelekea chai kisha akarudi ndani kuandika. Hakuwa na desturi ya kukaa nao. Ni watu wazima, wana mazungumzo yao.

Siku hiyo alitoka na sinia la chai na mahamri, akasimama.

Baraza ilikuwa kimya. Wanawake saba wamekaa mkekani, miguu imenyooka mbele, kila mmoja kainamia simu. Mwanarusi, aliyewapita wote umri, alikuwa ameshika yake mbali na uso. Juu ya kioo Muhsina aliiona picha ya jogoo wake mwekundu, aliyempiga picha yeye mwenyewe. "Bismillahi," Mwanarusi alisema, akakipeleka kidole gumba kwenye tangazo la mashine ya kutotoleshea, akabonyeza. Akangoja. Akarudi nyuma. "Bismillahi," akabonyeza la vifaranga.

"Shikamooni," Muhsina alisema. Sauti haikumtoka sawasawa.

"Marahaba, mwanangu!" waliitika.

"Mimi ngwe yangu nshaimaliza," Mwanarusi alisema kwa fahari, "na hivi naingia ya mwenzangu, macho yake mazito."

"Mwaona sasa ametufuma," Mwanamkuu alisema akicheka. "Nilitaka iwe siri mpaka mwisho. Keti, mwanangu. Si uliniambia mwenyewe, siku ile nilipokuuliza hizi hela zatoka wapi? Ukasema, watu wakibonyeza tangazo, mimi napata. Nikawapelekea hawa. Nikasema, mkaza mwanangu hana shamba, lakini ana hili. Tumlimie. Wakakubali wote, hakuna aliyenung'unika. Haji alinitilia mtandao wa nyumba nisikilize mawaidha, nami nikawatilia wenzangu."

Muhsina aliweka sinia chini, vikombe vikagongana. Alilikumbuka jibu lake la siku ile, alivyolitoa upesi bila kuinua macho, kwa kuwa alikuwa na haraka na hakudhani bibi mzee angelifanyia kazi. Alikuwa amewekea ulinzi wageni wa nchi nzima, na nyumbani akauacha mlango wazi.

"Mbona hunywi nasi?" Mwanarusi aliuliza.

"Nakunywa, mama," alisema. Akanywa. Aliwatazama wakibonyeza. Utawaambiaje watu waliotoka kulima tangu alfajiri, wakakupa mapumziko yao, kwamba wanakuua?

*

"Mwambie wewe," alimwambia Haji. "Ni mamako."

"Nimwambieje? Mama, wewe na wenzako ni wezi? Neno hilo halinitoki."

"Basi akaunti iende."

"Badilisha neno la siri la mtandao. Watashindwa, wataacha wenyewe. Hapana atakayevunjiwa uso."

Lilikuwa wazo la mwoga, na Muhsina alilipokea upesi kwa kuwa naye alikuwa mwoga. Akabadilisha. Wiki nzima alitembea nyumbani kama mtu aliyeficha kitu uvunguni, kila Mwanamkuu alipomwita akishituka. Jumatano ikafika, alasiri ikapita, akaona baraza ina mazungumzo na vicheko kama zamani. Akashusha pumzi.

Asubuhi yake ukaja ujumbe wa pili. Wabonyezaji walikuwa wamezidi.

Mtandao wa nyumba ulipomgomea Mwanamkuu katikati ya wiki, akawapasha wenzake, nao hawakushangaa wala hawakuuliza. Mweria hauvunjiki kwa sababu mwenye shamba hana majembe. Kila mtu huja na lake. Walipita dukani, kila mmoja akanunua bando kwa hela yake, hata Mwanarusi ambaye sukari hununua ya kupimiwa kwenye karatasi, na wakabonyeza huko huko shambani, chini ya kivuli cha mkorosho, kabla ya kurudi.

Hapo Muhsina akayazima matangazo yote, akaenda chumbani kwa mavyaa wake. Mwanamkuu alikuwa akikunja nguo.

"Mama, nina neno. Nakuomba radhi kabla sijalisema."

"Sema, mwanangu. Una mimba?"

"Sina, mama." Akamweleza. Alieleza vibaya, akarudi nyuma, akaanza upya, na Mwanamkuu akamsikiliza huku kanga iliyokunjwa nusu ikiwa mapajani mwake.

"Sisi tulidhani ni kama kura," Mwanamkuu alisema mwishowe. "Mwenye watu wengi ndiye apataye."

"Ningepaswa kukueleza vizuri, mama. Kosa ni langu."

"Kwa hiyo tumeiba."

"Hamkujua."

"Mwizi asiyejua huitwa nani?"

Muhsina akaiokota nguo iliyoanguka sakafuni, akaiweka kitandani.

"Kila asubuhi nameza dawa zako," Mwanamkuu alisema. Sauti ilikuwa ya chini, na mikono ilirudi kwenye kanga, ikaikunja vibaya, ikaikunjua. "Najiuliza, huyu mtoto wa watu nitamlipa nini? Nikawa sina. Nilipolipata hili nikafurahi, Muhsina. Nilifurahi sana."

Muhsina akalia. Mwanamkuu hakumbembeleza, wala hakumfukuza. Alingoja mpaka akamaliza kulia.

"Wenzangu usiwaambie," alisema. "Mimi ndiye niliyewaingiza. Nitawaambia macho yananiuma, daktari amenikataza simu, siwezi tena kuwasimamia. Wataacha. Mwanarusi akijua alikuwa akitaja jina la Mungu juu ya wizi, hatalala."

Walikubaliana hivyo. Kampuni ilimruhusu Muhsina kujitetea mara moja tu, na Haji alikuwa na maneno tayari: andika ni maadui, andika ni washindani, nani atakuja huku kwetu Msambweni kuhakikisha? Muhsina alikaa na simu kutwa nzima. Kuwasingizia maadui alikuwa ameshawahi, na alikuwa bado anausikia ule moto masikioni. Aliandika kwamba waliobonyeza ni mama mkwe wake na jirani zake, kwamba huo kwao ndio msaada, kwamba hawakujua, na kwamba sasa wameacha. Alipolisoma andiko lake aliona linafanana na uwongo kuliko uwongo wenyewe. Akalituma.

Siku zilizofuata hakutulia mahali pamoja. Alifagia palipofagiliwa. Haji alikwenda Kombani kutafuta gari la kuendesha, akarudi na vumbi tu. Kila simu ilipolia watu watatu walinyanyua vichwa.

Jibu likaja kwa mistari miwili. Akaunti imefungwa. Mapato yaliyomo yatarudishwa kwa wenye matangazo. Uamuzi ni wa mwisho.

"Wamejibu?" Mwanamkuu aliuliza alipouona uso wake.

"Wamefunga, mama."

Mwanamkuu akatikisa kichwa mara moja, kama aliyepewa habari ya mtu wa mbali. Asubuhi iliyofuata alikikata kidonge chake nusu kwa kisu cha jikoni, nusu akaimeza, nusu akairudisha kwenye pakiti. Muhsina alimwona. Hakuwa na cha kumwahidi.

*

Jumatano, Muhsina alitoka chumbani amejifunga kanga mbili na jembe begani. Haji akamtazama.

"Waenda wapi?"

"Kwa Mwanarusi. Kuna mweria."

"Watu wamekufilisi, nawe waenda kuwalimia?"

"Walinilimia, Haji. Wiki nyingi. Aliyelimiwa hulima."

"Walikulimia nini? Hebu nionyeshe hilo shamba!"

"Siku zao walinipa. Siku zao hazikuwa za uwongo."

Alisema hivyo, lakini njiani hakuwa mtakatifu. Tusidanganyane, alikuwa na hasira. Alikuwa na hasira na kampuni isiyo na uso, na Haji na mtandao wake wa mawaidha, na ulimi wake mwenyewe. Na alikuwa na hasira hata na wale wanawake kwa wema wao, maana wangekuwa maadui, angejua la kuwafanya. Alifika wamekwisha kupanga mistari kwenye mihogo. Wakamshangilia kwa vigelegele, mwanamke msomi ameshika jembe, wakamchekea na namna alivyolishika. Mwanamkuu peke yake hakucheka. Hakumtarajia. Alimkatia ngwe karibu na yake, wakaanza.

Jua lilipokuwa limepanda, Mwanarusi alijiinua akashika kiuno.

"Ehe, Muhsina. Ile kazi yetu ya simu hujatupa habari yake. Ilikufaa?"

Majembe yakapungua. Wote walitaka kusikia. Mwanamkuu hakuinua kichwa, ila jembe lake lilikuwa limesimama.

Muhsina alikuwa na maneno. Alikuwa nayo tangu siku ya mistari miwili, yamepangwa, makali, na yote ya kweli. Alimtazama yule bibi mbele yake, aliyenunua bando ilhali sukari huinunua ya kupimiwa.

"Mlijitahidi, mama. Mungu awalipe."

"Amin! Basi macho ya mwenzetu yakipona tutarudi. Mimi kazi ile naiweza hata kwa kukaa."

"Hapana, mama. Zamu yangu imekwisha."

"Mapema hivyo?"

"Imekwisha, mama. Leo ni yako."

Mwanarusi akaridhika. Akatema mate viganjani, akainama tena, na wenzake wakamfuata. Mwanamkuu alipiga jembe chini kwa nguvu ambazo magugu yale hayakuzihitaji, akapiga tena, machozi yakimtiririka waziwazi mpaka kidevuni. Wenzake walimwonea huruma, wakaambizana kwamba kweli, yale macho yanamtesa.